Mtoto wa Nani? Uzazi, Ushahidi na Sheria katika Rwanda baada ya 1994

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hali ya akina mama wa Rwanda waliolea watoto baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, hususan wale waliozaa kutokana na ubakaji. Yakianzia katika komyuni ya Taba na katika chumba cha mahakama mjini Arusha, yanaonyesha kwamba desturi ya kumhesabu mtoto kwa baba yake, ambayo wauaji waliigeuza kuwa silaha, ilibaki kimyakimya ndani ya sheria na fomu zilizokusudiwa kuwasaidia manusura. Akina mama ndio waliolazimika kuivunja desturi hiyo majumbani mwao, mara nyingi bila msaada, na wakati mwingine bila mapenzi.

Shahidi J

Mnamo Januari 1997 mwanamke mmoja kutoka Taba, katikati ya Rwanda, aliketi mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha. Kumbukumbu za mahakama zinamtaja kwa herufi moja tu: J. Aliitwa kueleza mauaji aliyoyashuhudia. Mshtakiwa, Jean-Paul Akayesu, alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule kabla ya kuwa burugumesitiri, yaani mkuu wa komyuni ya Taba, kuanzia Aprili 1993 hadi Juni 1994. Hati ya mashtaka iliyosomwa dhidi yake haikuwa na hata neno moja kuhusu ubakaji. Katikati ya maelezo yake Shahidi J alisema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na Interahamwe watatu walipokuja kuua. Aliongeza kwamba alikuwa amesikia habari za wanawake wengine kubakwa kwenye ofisi ya komyuni.

Hakuna aliyempeleka Arusha kusema hayo. Aliyasema kwa sababu ndiyo yaliyompata mtoto wake, na katika hesabu ya mama hayangeweza kutengwa na mauaji. Mwezi Machi Shahidi H naye alieleza kubakwa kwake na aliyoyaona karibu na ofisi ile ile. Kesi ikaahirishwa ili uchunguzi uendelee, na tarehe 17 Juni 1997 hati ya mashtaka ikarekebishwa kwa kuongezwa makosa matatu yahusuyo ukatili wa kingono. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ilimtia Akayesu hatiani kwa makosa tisa, miongoni mwayo mauaji ya kimbari, na ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari pale unapofanywa kwa nia ya kuangamiza kundi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kuamua hivyo. Mwezi mmoja baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha.

Nani alistahili sifa ya mabadiliko hayo ni suala ambalo wanasheria wamelijadili kwa muda mrefu. Wapo wanaomtaja Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee katika jopo lile. Wapo wanaotaja muungano wa mashirika ya haki za wanawake uliowasilisha hoja mahakamani ukidai hati irekebishwe. Majaji wenyewe, katika hukumu yao, walitambua mchango wa mashirika hayo lakini wakaeleza kuwa marekebisho yalitokana na ushahidi uliotolewa. Mjadala huo una maana kwa historia ya sheria. Kwa historia ya uzazi, lililo muhimu zaidi ni kwamba mlango ulifunguliwa na mama aliyekuwa akisema habari za mtoto wake, kabla ya wanawake wengine kusema habari za miili yao wenyewe.

Maneno yaliyokosekana

Hukumu ya Akayesu ina sehemu ambayo wataalamu wa Kiswahili wangepaswa kuisoma kwa makini kuliko wanavyofanya. Majaji walilazimika kueleza namna mashahidi walivyolitaja tendo lenyewe kwa Kinyarwanda. Walitumia kuryamana, yaani kulala pamoja. Gusambanya, ambalo liko karibu na kuzinisha. Kurungora, yaani kumwingilia mwanamke. Na gufata ku ngufu, yaani kuchukua kwa nguvu, maneno ambayo huweza kutumika pia kwa mali. Msomaji wa Kiswahili ataona ujirani wa lugha hizi mbili, na ataona pia tatizo: mengi ya maneno hayo hayasemi wazi kwamba mwanamke hakutaka. Mama wa makamo, mbele ya wageni na mbele ya mkalimani ambaye huenda akawa mwanamume wa umri wa mwanawe, angechagua neno la heshima, na neno la heshima lingepunguza uzito wa kosa.

Kulikuwa na neno jingine ambalo wauaji walilitumia: kubohoza, yaani kukomboa. Katika siasa za vyama vingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilitumika kwa kuwalazimisha watu kuhama chama. Mwaka 1994 likatumika kwa kuwachukua wanawake. Neno la ukombozi likawa jina la utekaji, na baadhi ya waliotekwa wakaitwa wake.

Istilahi zina athari kwa uzazi. Mwanamke aliyewekwa nyumbani kwa muuaji kwa wiki kadhaa kisha akazaa, je, alikuwa mke, mateka, au manusura? Majirani walikuwa na jibu lao, mara nyingi la ukatili. Kwa Kifaransa ikazoeleka kuwaita watoto wake watoto wa kumbukumbu mbaya, na mitaani wakaitwa watoto wa Interahamwe.

Hesabu ya miezi tisa

Idadi ya waliobakwa haitajulikana kamwe. René Degni-Ségui, mtaalamu maalumu wa Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, aliandika katika ripoti yake ya Januari 1996 kwamba ubakaji ulikuwa ndiyo kanuni na kutokuwapo kwake ndiko kulikokuwa nadra. Alikadiria waathirika kati ya 250,000 na 500,000. Watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji walikadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 5,000. Makadirio haya yashikwe kwa uangalifu, kama inavyostahili takwimu nyingine iliyorudiwa kupita kiasi, kwamba wanawake walikuwa asilimia 70 ya Wanyarwanda baada ya vita. Huenda ilikaribia ukweli katika baadhi ya maeneo katika miezi ya kwanza, wakati wanaume wengi walikuwa wameuawa, wamekimbilia nje au wamefungwa. Lakini sensa ya mwaka 2002 iliwakuta wanawake wakiwa takriban asilimia 52. Hata hivyo karibu theluthi ya kaya ziliongozwa na wanawake, na hilo linatosha kueleza uzito wa mzigo bila kuhitaji takwimu kubwa zaidi.

Mauaji yalianza tarehe 7 Aprili 1994 na kwisha katikati ya Julai. Kwa hiyo mimba zilizotungwa katika siku hizo zilizaa watoto kuanzia mwisho wa Desemba 1994, wengi wao kati ya Januari na Aprili 1995. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1977 ilikataza kutoa mimba isipokuwa kwa sababu za afya ya mama. Sheria haikuruhusu utoaji mimba kwa sababu ya ubakaji hadi mwaka 2012, tena kwa kibali cha mahakama. Sharti hilo la kibali liliondolewa mwaka 2018. Wakati huo watoto wa 1995 walikuwa na miaka 23.

Hesabu hii ya miezi tisa ni rahisi, lakini ilikosekana mahali ilipohitajika zaidi. Mwaka 1998 serikali ilianzisha Mfuko wa Kusaidia Manusura wa Mauaji ya Kimbari, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kifaransa, FARG. Nchi iliyokuwa maskini kupindukia ilitenga asilimia tano ya bajeti yake ya kawaida kwa ajili ya manusura, uamuzi ambao haukuwa na mfano wa karibu katika eneo hili na ambao haufai kubezwa. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye karo za shule. Walionufaika walikuwa wale waliolengwa kuuawa kati ya tarehe 1 Oktoba 1990 na tarehe 31 Desemba 1994. Tarehe ya mwanzo ni siku vita vilipoanza. Ya mwisho ni mwisho wa mwaka wa mauaji. Kwa mtunga sheria zilikuwa tarehe za kawaida kabisa. Kwa mama aliyejifungua Februari 1995 zilikuwa ukuta.

Athari yake ilionekana ndani ya nyumba. Chukua kaya ambayo haikuwa ya ajabu katika Rwanda ya miaka ile: mjane aliyenusurika, aliyemchukua binti wa dada yake aliyeuawa, na ambaye pia alikuwa na mtoto aliyezaliwa kutokana na ubakaji. Mama alikuwa manusura kisheria. Mpwa wake, yatima, alikuwa manusura kisheria na angelipiwa shule. Mtoto aliyetoka tumboni mwake hakuwa manusura, kwa kuwa hakuwapo wakati wa kulengwa, na hakuwa yatima, kwa kuwa mama yake alikuwa hai na baba yake huenda alikuwa gerezani au Kongo. Watoto wawili walikula chungu kimoja, serikali ikamwona mmoja tu.

Haikuwa hila. Watunga sheria wengi wao walikuwa wamefiwa na waliandika wakiwafikiria waliouawa na waliosalia. Yapo pia maelezo ya kisiasa: kumtambua mtoto wa muuaji kuwa manusura kungewaumiza wengine waliopoteza watoto wao wote. Lakini chini ya maelezo hayo yote kulikuwa na desturi iliyotangulia mauaji, na hukumu ya Arusha ilikuwa imeitaja kwa jina.

Baba kama mpaka

Wakieleza maana ya hatua za kuzuia uzazi ndani ya kundi, ambazo Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948 unazihesabu kuwa tendo la mauaji ya kimbari, majaji wa kesi ya Akayesu walitoa mfano. Katika jamii ambamo mtoto huhesabiwa katika kundi la baba yake, walisema, mwanamume wa kundi jingine anaweza kumtia mwanamke mimba kwa makusudi ili azae mtoto asiye wa kundi la mama. Kwa maneno mengine, uzazi wenyewe unaweza kugeuzwa njia ya kulifuta kundi.

Mfano huo unaeleza hatari kwa usahihi, ila una upande wa pili ambao haukujadiliwa sana. Ili silaha hiyo ifanye kazi, ni lazima jamii ikubali kwamba mtoto ni wa baba. Katika Rwanda ya kabla ya 1994 ilikubaliwa hivyo kwa desturi na kwa karatasi: ubwoko, yaani kabila, uliandikwa kwenye kitambulisho, nao ulifuata wa baba. Baada ya Julai 1994 serikali mpya iliondoa ubwoko kwenye vitambulisho, jambo lililokuwa kubwa. Haikuondoa nafasi ya jina la baba kwenye fomu za shule na za usajili. Wanyarwanda hawana jina la ukoo linalorithiwa. Kila mtoto hupewa jina lake, na mama angeweza kumchagulia mtoto jina lisilosema lolote. Fomu ndiyo iliyosema. Vijana wengi waliozaliwa 1995 wamesimulia, katika shuhuda zilizochapishwa, kwamba waligundua asili yao siku walipotakiwa kujaza mstari huo na mama akanyamaza.

Sheria ya mirathi ya tarehe 12 Novemba 1999 inaonyesha mvutano huu vizuri. Kwa wanawake ilikuwa mapinduzi. Kabla yake, kwa desturi, binti hakurithi ardhi, na mjane alibaki shambani kwa mume kwa niaba ya wanawe wa kiume; asipokuwa nao, mashemeji waliweza kumfukuza. Baada ya mauaji, mashemeji hao mara nyingine walikuwa wakimbizi wa zamani waliorejea kutoka Uganda au Burundi baada ya miaka zaidi ya 30, wasiomjua hata kwa sura. Wizara iliyoongozwa na Aloysie Inyumba, jukwaa la wabunge wanawake na vyama vya wajane vilisukuma mswada kwa miaka kadhaa hadi ukapita. Sheria ilisema watoto wote halali, bila kujali jinsia, wagawane sawasawa.

Neno halali ndilo la kutazamwa. Kwa binti wa ndoa ya kiserikali lilifungua mlango uliokuwa umefungwa tangu enzi. Kwa mwanamke aliyeishi na mume bila ndoa ya kiserikali, na walikuwa wengi, halikusaidia. Kwa mtoto aliyezaliwa kutokana na ubakaji lilikuwa na utata mkubwa zaidi, kwa sababu shamba ambalo mama yake alililima lilikuwa limetoka kwa marehemu mume wake, na ndugu wa mume waliokuwa tayari kumvumilia mjane hawakuwa tayari kuona ardhi ya ndugu yao aliyeuawa ikienda kwa mtoto wa aliyemuua. Katika shuhuda hizo sauti ya shemeji inarudi mara kwa mara: mama akaribie, mtoto abaki nje. Baadhi ya akina mama waliacha shamba. Wengine waliacha mtoto, kwa bibi, kwa watawa, kwa kituo cha yatima. Wengine walibaki na vyote viwili na kuishi katika vita vya maneno kwa miaka 20.

Taba, tena

Haikuwa sadfa kwamba moja ya majibu ya mapema yalitoka Taba. Desemba 1994, miezi mitano tu baada ya mauaji kukoma, mhudumu wa ustawi wa jamii Godelieve Mukasarasi alianzisha huko chama cha wajane na yatima kiitwacho SEVOTA. Mukasarasi alikuwa Mhutu aliyeolewa na Mtutsi, hivyo alikaa mahali ambapo migawanyiko yote ilimpitia. Wajane wa pande zote walikutana, kwanza kwa mambo ya kawaida: mbegu, mbuzi, paa la nyumba. Mazungumzo kuhusu ubakaji yalikuja baadaye, kidogokidogo, miongoni mwa wanawake waliokwisha kuzoeana kwenye jembe.

Wachunguzi wa Arusha walipofika kutafuta mashahidi, ni kupitia mtandao huo ndipo waliweza kuwapata wanawake waliokuwa tayari kusema. Gharama yake ilikuwa kubwa. Desemba 1996 mume wa Mukasarasi na binti yao waliuawa katika shambulio la wanamgambo. Baada ya hapo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Wanawake wa Taba walisafiri hadi Arusha mwaka uliofuata.

Wasomaji wa sera huelekea kuona katika simulizi hii hatua mbili: kwanza msaada wa kijamii, kisha haki. Mpangilio wa matukio Taba unaonyesha kitu tofauti. Ushahidi uliobadilisha sheria ya kimataifa ulitegemea vikundi vya wanawake vilivyokuwa vikigawana mbegu, na vikundi hivyo vilihatarishwa na ushahidi huo huo. Baadaye SEVOTA ilianzisha majukwaa ya akina mama waliozaa kutokana na ubakaji, na kisha ya watoto wao, yakiwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mama angeweza kusema mbele ya wenzake kwamba hampendi mtoto wake na asifukuzwe.

Jambo hili la mwisho ni gumu, na maandishi mengi ya kitaaluma hulipita haraka. Shuhuda zilizokusanywa na mpiga picha Jonathan Torgovnik na kuchapishwa mwaka 2009 zina akina mama wanaosema kwamba walimpiga mtoto kwa sababu ya sura yake, akina mama waliochelewa miaka kupenda, na akina mama waliosema kuwa mtoto huyo ndiye ndugu pekee waliyebaki naye duniani. Mara nyingine mama mmoja anasema yote matatu. Torgovnik na Jules Shell walianzisha Foundation Rwanda kulipia elimu ya sekondari kwa watoto hao, wakati ambapo walikuwa wamefikia umri wa sekondari na mfuko wa serikali haukuwa wao. Shirika la kigeni likajaza nafasi iliyoachwa na tarehe moja katika sheria.

Dawa na mashahidi

Chama kikubwa zaidi cha wajane, AVEGA-Agahozo, kilianzishwa Januari 1995 na wajane 50; jina agahozo latokana na kubembeleza na kufuta machozi. Utafiti wake uliotolewa mwaka 1999 miongoni mwa wanawake waliobakwa ulipata kuwa takriban theluthi mbili ya waliopimwa walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kwa mama, matokeo ya kipimo yalikuwa hesabu ya miaka: atalea mpaka lini, na nani atachukua watoto.

Hapo ndipo Arusha inaporudi kwa njia isiyopendeza. Washtakiwa wenye virusi waliokuwa chini ya ulinzi wa mahakama walipata dawa za kupunguza makali, kwa kuwa kanuni za kizuizi za kimataifa zilidai hivyo. Mashahidi walirudi vijijini ambako dawa hizo hazikuwapo, au ziliuzwa kwa bei isiyofikika, hadi zilipoanza kusambazwa kwa upana katika miaka ya 2003 na 2004. Kila ofisi ilitimiza wajibu wake kadiri ulivyoandikwa. Wapo waliotoa ushahidi dhidi ya wabakaji wao na kufa kabla yao.

Mahakama za gacaca nazo zilileta mtihani mwingine. Sheria ya mwaka 1996 iliuweka ukatili wa kingono katika daraja la kwanza la makosa, na kwa miaka mingi kesi hizo zilibaki katika mahakama za kawaida zilizojaa kupita uwezo. Mwaka 2008 zilihamishiwa gacaca, zisikilizwe faraghani. Faragha ya gacaca, hata hivyo, ilikuwa faragha ya kijiji: kila mtu aliona nani aliingia na nani alitoka. Mwanamke ambaye mume wake wa pili hakujua, au ambaye mtoto wake wa miaka 13 hakujua, alilazimika kuchagua kati ya haki na kimya alichokijenga ili mtoto akue. Baadhi walichagua kimya, na uamuzi huo usisomwe kuwa woga. Ulikuwa malezi.

Waziri wa familia

Kuna kishawishi, katika semina za amani za ukanda huu, cha kusema kwamba mama kwa asili yake ni mlinzi wa amani. Rwanda inakataa sentensi hiyo. Mwaka 1994 waziri wa familia na maendeleo ya wanawake alikuwa Pauline Nyiramasuhuko, ambaye kama Mukasarasi alikuwa ameanza kazi katika ustawi wa jamii. Tarehe 24 Juni 2011 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji kama kosa dhidi ya ubinadamu, kwa matendo yaliyofanyika Butare, pamoja na mwanawe wa kumzaa, Arsène Shalom Ntahobali. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Rufaa ya Desemba 2015 ilipunguza adhabu za wote wawili kuwa miaka 47. Mtu anayetaka kujenga sera juu ya wema wa asili wa akina mama atalazimika kumweka waziri huyu mahali fulani, na hapana pa kumweka. Walichofanya wanawake wa Taba hakikutokana na uzazi peke yake. Walikifanya kwa kukutana, kwa kujadiliana na kwa kulipa gharama.

Majirani

Suala hili halikuisha mpakani mwa Rwanda, na washauri wa sera wa nchi jirani wanalikuta mezani mwao. Mashariki mwa Kongo, Kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini kuna watoto waliozaliwa katika utekaji na ubakaji, katika jamii ambamo ardhi na ukoo hufuata baba. Miongoni mwa Waacholi, akina mama waliorudi kutoka mikononi mwa waasi wa Lord's Resistance Army walikuta swali lile lile la wajane wa Taba: mama akaribie, mtoto ni wa nani?

Tarehe 8 Machi 2021, katika amri ya fidia ya kesi ya Bosco Ntaganda kuhusu Ituri, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitambua kwamba watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji na utumwa wa kingono wanaweza kuhesabiwa waathirika wa moja kwa moja, kwa haki yao wenyewe, bila kupitia kwa baba wala kwa tarehe ya kulengwa. Msimamo huo ulifuatwa katika amri ya fidia ya kesi ya Dominic Ongwen ya tarehe 28 Februari 2024, ambayo ilikadiria fidia yote kuwa zaidi ya euro milioni 52, kila mwathirika akipangiwa euro 750 za ishara pamoja na huduma za pamoja. Malipo yanategemea Mfuko wa Waathirika kupata wafadhili, kwa kuwa aliyehukumiwa hana mali.

Nchini Rwanda kazi za FARG zilihamishiwa mwaka 2021 kwenye Wizara ya Umoja wa Kitaifa na Ushirikishwaji wa Raia. Watoto waliozaliwa mapema mwaka 1995 walikuwa wakati huo na miaka 26. Wengi walikuwa wamepita umri wa kulipiwa shule, na baadhi yao walikuwa tayari wazazi.